Zamu za Kinywa

Nchi yenyewe msiniulize jina. Lilikuwapo, wakalipeleka ng'ambo, halikurudi. Semeni ni nchi tu, yenye uwanja katikati, Mwinuko upande wa juu na Ukingoni upande wa maji, na siku zisizokuwa na adabu. Huko hata siku zilipanga foleni. Jumanne ikichoka kungoja iliipita Jumatatu kiubavu, na watu wakaamka wakala kiporo cha chakula ambacho hawajakipika. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa na jambo jingine la kuwashangaza, kubwa kuliko hilo: kwa nini mtu aliyepewa sawa na mwenzake huumwa vilevile kama aliyenyimwa?

Swali lilikuwa la wote, lakini aliyelala nalo na kuamka nalo ni Kidawa, mke mkubwa wa Makame. Makame alikuwa ng'ambo. Alivuka lini, hapana ajuaye, maana watu walimwona hayupo kabla siku aliyoondoka haijafikiwa na zamu yake. Nyuma aliacha wake wawili, Kidawa wa Ukingoni na Mwatima wa Mwinuko, na kwa uadilifu wa ndani ya nyumba simsingizii. Alilala kwa huyu, akalala kwa yule. Kanga sawa, samli sawa, hata hasira aliwagawia sawa. Kidawa alipata zamu zake zote bila kupunjwa, na katika zamu hizo alilala macho akisikiliza mume anavyopumua, akijiuliza kama kule kwa mwenzake anapumua kwa raha zaidi. Zamu zilihesabika. Pumzi nani azihesabu?

Na sasa ng'ambo ina sheria yake. Anayevuka husahau nyuso, akabakiwa na masikio. Akirudi, hurudi kwa mlango mmoja tu, kwa sababu kichwani mwake hamna tena nafasi ya milango miwili, na mlango wenyewe ni wa ile sauti iliyomkaa moyoni. Kidawa hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka Makame arudi, arudi kwake, na Mwatima asimame nje na mswaki mdomoni akitazama mzigo wa mume unavyopitishwa mbele yake. Hili la mswaki, niseme kweli, alilitaka kuliko lile la kwanza. Msimcheke. Nani kati yenu hajawahi kuitaka furaha kwa ajili ya jicho la mtu mwingine?

Njia ya kumfikia aliyevuka ilikuwa moja. Juu ya uwanja palikuwa na Kinywa. Msifikirie mnara, msifikirie mlima. Kinywa tu, tundu angani, pana kama ungo, na kingo zake zimelowa kidogo kama ndani ya shavu. Hakimezi maneno mazima. Mtu akisema, maneno yake hukatwa vifurushi vidogo vidogo, kila kifurushi kikapanda peke yake, na huko ng'ambo msikilizaji huvipokea akavishona. Wawili wakisema kwa pamoja Kinywa hufumba, na maneno ya wote wawili huanguka majivu. Ndiyo maana ya zamu. Nauli yake ni jina. Kila asemaye, Kinywa humla kwanza jina lake na rangi ya sauti yake, kisha hupitisha yaliyobaki. Kwa hiyo sauti zote hufika ng'ambo zimevuliwa nguo, ya mke na ya mume, ya kijana na ya kikongwe, na msikilizaji hubaki kukisia tu kwamba huyu atakuwa fulani.

Ingekuwa hivyo peke yake, Kidawa angestahimili. Lakini hewa. Katika nchi ile kila mtu alitembea na hewa ya kwao, ikamfuata kama harufu ya jiko lake. Mwatima alikuja uwanjani na hewa ya Mwinuko, nyepesi, kavu, na akiitwa zamu yake alisimama chini ya Kinywa akasema yote: bati linavuja, mbuzi amezaa, sukari imepanda, binti wa jirani kaposwa na mtu mfupi. Vifurushi vyake vilipanda vyote, hakuna kilichoyumba. Kidawa alikuja na hewa ya Ukingoni, ya mvuke, nzito. Akisema sentensi nzima, nusu ililowa njiani ikaanguka kwenye vumbi la uwanja, na watu wakapita juu yake wakienda sokoni. Mara ngapi alikanyagiwa neno lake naye anatazama! Akajifunza kusema machache. Mto wako. Bado. Naota. Maneno mafupi yenye uzito, ayarushe mawili matatu kabla mvuke haujayawahi. Kisha zamu huisha, na mbegu moja ya ukwaju hutiwa katika kifuu chake kuonyesha kwamba amepata, kama ilivyotiwa katika kifuu cha Mwatima.

Mbegu yangu, Kidawa alijisemea. Mbegu yake. Nikivitikisa vifuu vinalia sawa. Angepewa zaidi ningesema kapendelewa, ningepata pa kumshika. Kapewa sawa, nimshike wapi? Nani aliyesema mbegu ni neno? Nani aliyesema zamu ni zamu? Yeye hupeleka nyumba nzima, mimi napeleka kizingiti. Halafu tunaambiwa wake wa Makame wamegawiwa sawa, mshukuruni Mungu. Nashukuru. Nashukuru mpaka meno yananiuma.

Aliyegawa zamu wakati ule ni Bi Tufaha, mwanamke mnene wa tambuu, mkali, asiyekuwa na mtu wake ng'ambo na kwa hiyo asiyekuwa na haraka. Alikaa katika kiti kilichowekwa chini kabisa ya Kinywa, akaita mmoja baada ya mwingine, mbegu baada ya mbegu, kama mtu anayechambua mchele huku anafikiria jambo jingine. Watu wa Mwinuko waliwahi kumjia kumsemesha. Walidai Kinywa ni kimoja, na muda wa Kinywa ni mali ya nchi nzima, kwa nini upotezwe kwa watu wa mvuke ambao maneno yao huishia chini? Wapewe wenye hewa safi, maneno yapite mengi, nchi ifaidike. Bi Tufaha aliwatemea mate mekundu karibu na miguu na kuwauliza kama watu wa Ukingoni ndugu zao ng'ambo ni wa mbao. Basi yakaisha. Lakini Kidawa hakuridhika na hilo pia, akamwendea siku moja kulalamika.

"Zamu zangu na za Mwatima ni sawa?" aliuliza.

"Hesabu mbegu."

"Sikuulizi mbegu. Nakuuliza maneno."

Bi Tufaha akaacha kutafuna. Nchi ile ilikuwa na desturi moja, nayo ni ya ajabu kidogo: mgawa zamu hachaguliwi wala harithiwi. Hukaa mpaka atokee mtu wa kumlalamikia mbele ya uwanja, na huyo aliyelalamika ndiye hukalishwa. Walisema anayeumwa ndiye ajuaye panapouma. Bi Tufaha alikuwa amemngoja mtu huyo muda mrefu. Akainuka, akajikung'uta, akamwonyesha Kidawa kiti kilivyo bado na joto.

Kabla ya kuondoka alimfundisha kazi. Alimwambia kugawa sawa ni kazi ya wasiohisi, na yeye aligawa sawa kwa sababu vidole vyake vimekufa ganzi na mbegu hata asiyehisi anaweza kuzihesabu. Ipo njia nyingine. Lowesha kidole kwa mate, kinyanyue kuelekea foleni, na utahisi hewa ya kila mtu inavyokwenda. Hewa haikai mahali pamoja. Hata ya Ukingoni ina dakika zake za kutakata, hata ya Mwinuko ina dakika zake za kuchafuka. Mgawa mzuri huzivizia.

"Usimpime mtu na jirani yake," alisema Bi Tufaha, na hilo ndilo neno pekee alilolisema polepole. "Mpime na yeye mwenyewe wa jana. Hewa yake ikizidi kawaida yake, mwite hapohapo. Jirani anaweza kuwa na hewa nzuri kuliko yeye, lakini hiyo ya jirani ni ya kila siku, itakuwapo na kesho. Ya huyu haitakuwapo."

Kidawa alisikia, na alielewa upesi kuliko anavyopaswa mtu kuelewa jambo zuri. Akakaa. Na alipokaa tu alihisi mvuke wa Ukingoni unamtoka mabegani, unashuka, unakwenda zake. Chini ya Kinywa hapana hewa ya kwao mtu. Pana hewa ya Kinywa chenyewe, safi, iliyotulia, na anayekaa pale huwa nayo mpaka atakapoinuliwa. Mgawa naye ni mtu, ana zamu zake kama wengine. Kwa mara ya kwanza tangu Makame avuke, Kidawa alisema sentensi nzima na ikapanda nzima, mpaka nukta yake. Alilia machozi. Halafu, kama maskini aliyefunguliwa ghala, akaanza kusema kila kitu. Bati. Kuku. Bei ya mkaa. Nani kagombana na nani kwenye bomba. Alisema mpaka akakauka, na hakuna hata kifurushi kimoja kilichoanguka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipotenda. Uwanja mzima Kidawa aliugawia kwa njia ya Bi Tufaha. Kidole juu, macho yamefumbwa, akaita: wewe, njoo sasa, hewa yako imetakata, usizubae. Watu wa Ukingoni waliokuwa hawajawahi kupitisha zaidi ya neno moja wakapitisha salamu na jibu la salamu. Watu wa Mwinuko nao hawakupungukiwa, walipata zaidi, kwa sababu hakuna tena dakika ya Kinywa iliyopotea kwa mtu ambaye hewa yake imechafuka. Mbegu katika vifuu zilibaki karibu sawa, maneno yakawa maradufu. Wakamsifu. Wakasema hajapata kutokea mgawa wa haki kama huyu, na wazazi wakawaambia watoto wao, mtazameni Bi Kidawa.

Mtu mmoja tu alimgawia kinyume. Mwatima alipokuwa na hewa ile nyepesi ya kwao, kidole cha Kidawa kilihisi, na Kidawa akamwita mtu mwingine. Alimwacha asimame, ahamishe uzito wa mwili mguu huu hadi ule. Akangoja. Ilipokuja ile dakika adimu ambayo hata Mwinuko huchafuka, vumbi likavuka, joto likatanda hewani, hapo ndipo akaita kwa sauti ya upole, Mwatima, zamu yako. Mwatima akaja, akasema, maneno yakapanda yakiyumba yakaanguka. Mbegu ikatiwa. Hakuna aliyeweza kusema lolote, kwa sababu vifuu vilitikiswa na vikalia sawa.

Ni dhambi gani isiyokuwa na alama? Anayeiba huacha pengo. Anayepiga huacha uvimbe. Kidawa alimpa mwenzake haki yake yote, kwa hesabu kamili, akamchagulia tu saa ambayo haki hiyo haina thamani. Wakubwa wa dunia hii wanaijua vizuri kazi hiyo. Mlango unafunguliwa kwa wote, naam, kwa wote, ila kwa huyu unafunguliwa wakati mvua imeshampiga. Na mkono ulioufungua unabaki mkavu, unapungiwa, unabusiwa. Kidawa aliyajua hayo, wala hakuyakataa. Alipolala aliyatazama kama mtu anavyotazama pete yake mpya, akiigeuza huku na huku.

Mwatima hakulalamika. Kwa kuwa mgawa zamu hawezi kuondoka kitini, yeye ndiye aliyemletea mwenzake chakula, bakuli la wali na mchuzi wa kunde limefunikwa kwa kawa, akakaa chini kumsuka nywele kama zamani walipokuwa na mume mmoja aliye karibu. Alizungumza taratibu. Alisema anadhani hewa yake imezeeka. Kila akiitwa, haimsaidii.

"Kila hewa ina siku zake," Kidawa alimjibu, na shingo yake ikawa ngumu chini ya vidole vya mwenzake.

"Sijali sana, dada. Nimejifunza kuchagua. Zamani nilikuwa nasema kila kinachonijia. Sasa kabla ya kuitwa najiuliza, kama litafika neno moja tu, liwe lipi? Na nikishalijua, naona kumbe hayo mengine yote yalikuwa ya kujaza tu."

Kilichomshika Kidawa ni wivu, si kitu kingine, nao ulikuja kwa mlango ambao hakuulinda. Yale maneno machache yalikuwa yake! Ule umaskini ulikuwa wake, aliulea kwa uchungu miaka ambayo haikujulikana idadi, akajua ndani ya umaskini huo kuna nini. Sasa mwenzake amevishwa, na umempendeza. Angeweza kumwonea wivu kwa wingi. Hilo alilizoea. Kumwonea wivu kwa uchache, kwa kitu alichomtia yeye mwenyewe kwa mkono wake, hilo hakujua alifanyie nini. Alisema nywele zinamvuta, basi imetosha.

Kama hilo halikutosha, aliokota kifurushi. Kilianguka karibu na mguu wa kiti katika zamu moja mbaya ya Mwatima, nacho kilikuwa bado na uhai. Kifurushi kilichoanguka, ukikiweka sikioni, hukupa sehemu yake ya maneno. Kidawa alitazamia mahaba. Alijiandaa kabisa kwa mahaba. Akasikia: mwenzangu amekonda. Hayo tu. Alikisaga kwa kisigino mpaka kikawa unga, akakasirika siku nzima, hata siku yenyewe ikaona bora iipishe nyingine.

Amenihurumia. Nani kamwomba? Amepoteza zamu yake mbovu kunitaja mimi. Mimi sijamtaja hata mara moja. Katika bati zangu na kuku wangu, hayumo. Mimi ndiye nani sasa? Nasema kama alivyokuwa akisema. Jana nilicheka, nikasikia kicheko chake. Na yeye ananyamaza kama nilivyokuwa nikinyamaza. Tumepishana mlangoni, kila mmoja kavaa kanga ya mwenzake, na kanga zenyewe ni sawa, Makame alinunua sawa.

Kinywa hujibu mara chache, na kikijibu huusemea uwanja wote, hakuna la siri. Jibu la Makame lilikuja mchana mmoja ambao wengine wanaapa ulikuwa asubuhi ya siku iliyofuata. Foleni ilikuwa ndefu. Kingo za Kinywa zikatetemeka, na sauti ya mwanamume ikashuka, imechoka kidogo, ina joto. Kidawa alishika mikono ya kiti.

"Mwatima," ilisema sauti, "ahsante. Habari zako zote zimenifika, za bati, za kuku, za mkaa. Siku hizi umezidi kunifurahisha kwa wingi wake. Nazisikia nikila, nazisikia nikilala, kama mvua juu ya paa. Sasa pumzika, mama, umefanya kazi. Nataka kusema na Kidawa."

Uwanja ukageuka kumtazama Kidawa, na Kidawa alikuwa bado hajaelewa. Alitabasamu hata.

"Kidawa, wewe ndiye uninyimaye usingizi. Tangu mwanzo unanijia vipande vipande, nami nakaa nakushona. Neno nalipokea, neno nalitafutia mwenzake, mahali ulipokatika naweka mkono wangu. Siku hizi umezidi kukatika, nami nimezidi kukaa. Juzi limenifika neno moja tu, mkono, nimekaa nalo mpaka chai ikapoa. Nimesahau uso wako, lakini pengo lako nalijua. Narudi. Mlango ni wako. Niambie tu kitu, hata nusu, nipate pa kushika njia."

Mkono. Kidawa alijua ni nani aliyelisema. Alimwita yeye mwenyewe, vumbi likivuka, na akaliona neno hilo likipanda peke yake huku wenziwe wanaanguka. Akajua na lile jingine, na hilo ndilo lililomvunja: kwamba miaka yote ile alipokuwa amesimama ndani ya mvuke, akimchukia mwenzake kwa maneno yake mazima, ng'ambo kulikuwa na mwanamume anayekesha kwa ajili ya nusu zake. Alikuwa amekwisha kushinda. Alishinda kabla ya kulalamika. Hakuna aliyemwambia.

Mwatima, katika foleni, alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Alisikia vizuri alichoitwa na alichoitiwa mwenzake. Angesema nini? Ni mimi, Mwatima? Jina halipiti.

Kidawa akajiita. Ni haki yake, mgawa ana zamu. Akainua uso kwa Kinywa, na akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa uwanjani pale: akajaribu kukatika. Alisema neno, akameza linalofuata. Akasema nusu ya neno, akashikilia nusu yake kwa meno. Mto. Akangoja. Bado. Akangoja. Akaikwaruza sauti, akaitia kikohozi, akaipinda. Lakini hewa ya chini ya Kinywa haikukwaruzika. Kila nusu ilipanda ikiwa nusu safi, iliyokatwa kwa mkasi, na kila kimya chake kilipanda kikiwa kimya kizima. Uwanja ulisubiri. Kingo zikatetemeka.

"Mwatima," sauti ilisema kwa upole, "usimwige mwenzio."

Alirudisha kichwa chini. Mbegu ikatiwa katika kifuu chake. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mwatima, na kidole cha Kidawa, alipokilowesha, kilimwambia kwamba hewa ya Mwatima saa hiyo imechafuka kuliko siku zote. Angemwita sasa, kama kawaida yake, maneno yangekwenda yamekatika, na Makame angeyashika na kurudi nayo njia nzima mpaka Mwinuko, kwenye mlango wa aliyeyasema. Kidawa hakuita. Alingoja. Aliwapitisha wengine, akangoja, kidole juu, mpaka vumbi likatua na hewa ya Mwatima ikang'aa kama haijapata kung'aa. Hapo ndipo akamwita. Kwa mara ya kwanza alimpa Mwatima haki yake, na alimpa kwa wivu uleule, haukupungua hata chembe.

Mwatima akasema. Alikuwa amezoea kuchagua, lakini hewa ilikuwa nzuri mno na moyo umejaa mno, yakamtoka yote, ni mimi, nipo, rudi, mkono ule ni wangu, na yote yakapanda bila kuyumba. Sauti ikarudi upesi, na safari hii ilikuwa na hofu.

"Ni Mwatima tena. Mwatima, mwenzio yuko wapi? Kidawa? Mbona kimya? Kidawa."

Iliendelea kuita hivyo. Ng'ambo sasa kulikuwa na Mwatima wawili, na Kidawa hata mmoja hapana. Njia ya kurudi kuwa Kidawa ilikuwapo, nayo ni kuinuka kitini, kurudi Ukingoni, kuuvaa tena ule mvuke na kusema neno moja bovu. Lakini kitini haondoki mtu mpaka alalamikiwe. Kidawa akawageukia watu. Aliwaomba, sauti yake imetakata, kila neno linasikika mpaka mwisho wa foleni. Aliwauliza kama hayupo aliyepunjwa, aliyecheleweshwa, aliyeitwa katika saa mbaya. Walitazamana. Walitikisa vifuu vyao, wakamwambia wanamshukuru, na kwamba hata watoto wao wanajua kuna haki duniani kwa sababu yake.

Akabakia Mwatima. Kidawa akamwita kwa jicho, akamwomba nusura apige magoti.

"Wewe, mwenzangu. Wewe una la kunilalamikia. Sema mbele ya watu. Nilikuwa nakufanyia nini?"

Juu yao Makame alikuwa bado anaita, Kidawa, Kidawa. Mwatima alisikiliza kidogo, akakusanya mtandio wake.

"Nilalamike nini, dada," alisema, "na leo umeniita hewa ikiwa nzuri hivi?"